Mabishano ya Teknolojia, Gemu na Sayansi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya vijana wa Dodoma na mikoa ya jirani wanaobishana kila siku, mtandaoni na vijiweni, kuhusu simu, michezo ya video na mambo ya sayansi. Nafundisha fizikia, na maswali yaliyomo humu ni yale ninayoletewa na wanafunzi, na wazazi wao, na vijana wanaoendesha vibanda vya gemu. Sina nia ya kuzima ubishi, kwa sababu ubishi ni dalili ya watu wanaofikiri. Ninachotaka ni kwamba anayebisha ajue anabishania nini, na ajue pia ni kitu gani ambacho, akikiona kwa macho yake, kitamlazimu kubadili msimamo.

Kwa nini mabishano mengi ya teknolojia hayafiki mwisho?

Kwa sababu mara nyingi maswali matatu huwa yamefungwa katika sentensi moja. Mtu anapoandika kwamba iPhone ni bora kuliko Android, ndani ya maneno hayo kuna swali la kipimo (ipi ina prosesa yenye kasi zaidi, ipi betri yake inadumu), kuna swali la kupenda (mkono wangu umezoea ipi), na kuna swali la uamuzi (kwa laki tano niliyonayo, ninunue ipi). Swali la kwanza lina jibu lisilomjali mtu wala kabila. La pili kila mmoja ana jibu lake na hakuna haja ya kugombana. La tatu linategemea mfuko wa mnunuzi, fundi aliyepo mtaani kwake na vipuri vinavyopatikana sokoni. Mmoja anajibu la kwanza, mwenzake anamrudishia la pili, na ikifika jioni suala zima limegeuka Usimba na Uyanga, ambapo hakuna anayetarajia mwenzake ahame.

Kabla ya kujibu chochote, muulize mwenzako anazungumzia lipi kati ya hayo matatu. Nusu ya ugomvi huishia hapo.

Je, simu yenye megapikseli 108 hupiga picha nzuri kuliko yenye 12?

Si lazima. Simu nyingi za megapikseli 108 huunganisha pikseli tisa kuwa moja na kukupa picha ya megapikseli 12 ileile. Ukubwa wa kihisi (kipande kinachonasa mwanga), ubora wa lenzi na programu inayochakata picha vina uzito mkubwa kuliko namba iliyoandikwa kwenye boksi, hasa unapopiga picha usiku.

Kuacha simu kwenye chaji usiku kucha kunaua betri?

Betri za lithiamu-ioni, zilizoingia sokoni kwa mara ya kwanza mwaka 1991 kupitia Sony na ambazo waanzilishi wake watatu walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019, haziendelei kujazwa zikishafika asilimia 100. Ndani ya simu kuna sakiti inayokata umeme. Kwa hiyo hofu kwamba betri itajazwa kupita kiasi haina msingi kwa simu nzima yenye chaja halisi. Hata hivyo, anayesema kwamba betri huchakaa naye ana hoja, kwa sababu betri inayokaa muda mrefu ikiwa imejaa kabisa, na hasa ikiwa ya moto, huzeeka haraka kuliko inayokaa kati ya asilimia 20 na 80. Joto ndilo adui mkubwa. Simu iliyoachwa juu ya dashibodi ya gari mchana wa Oktoba hapa Dodoma, au iliyofunikwa na mto wa kitandani huku ikichajiwa, inaumia zaidi kuliko iliyolala kwenye chaji juu ya meza.

Minara ya 5G ina madhara kwa afya?

Swali hili huulizwa na watu wenye hofu ya kweli, na hawastahili kuchekwa. Mwezi Aprili 2020, wakati wa korona, minara ya simu ilichomwa moto nchini Uingereza kwa madai kwamba 5G ndiyo iliyoeneza ugonjwa, na madai hayohayo yalifika kwetu kwa ujumbe wa sauti uliosambazwa kutoka simu hadi simu. Virusi haviwezi kusafiri kwenye mawimbi ya redio. Hilo halina pande mbili.

Kuhusu saratani, maelezo yanahitaji subira kidogo. Mionzi inayovunja molekuli za mwili, kama eksirei, ina nguvu hiyo kwa sababu masafa yake, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde, ni makubwa mno. Mawimbi ya simu yako upande wa pili kabisa: mwanga wa kawaida unaotuwezesha kusoma una masafa makubwa kuliko mawimbi ya 5G ya gigahezi tatu na nusu kwa zaidi ya mara laki moja, na mwanga huo wenyewe hauvunji chembe za urithi. Kinachojulikana ni kwamba mawimbi ya redio yenye nguvu kubwa hupasha joto, na viwango vya usalama vya kimataifa vimewekwa chini sana ya hapo.

Wapinzani hutaja kwamba mwaka 2011 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliyaweka mawimbi ya redio katika kundi la 2B, la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani. Ni kweli, na anayelitaja ana haki ya kusikilizwa. Lakini kundi hilo huonyesha uzito wa ushahidi uliopo, halionyeshi ukubwa wa hatari. Ndani yake mna pia dondoo la jani zima la shubiri na mboga za kuchachushwa kwa desturi za Asia. Jambo moja huwashangaza wengi: simu iliyo mbali na mnara huongeza nguvu ya kurusha mawimbi ili isikike, kwa hiyo mtu wa kijiji kisicho na mnara, aliyebana simu sikioni, anapokea mawimbi mengi kuliko angekuwa na mnara karibu.

Kelele za jenereta, fidia ya eneo na mahali mnara ulipowekwa ni malalamiko ya haki kabisa, nayo yapelekwe kwenye ofisi ya mtaa kwa jina lake, yasivalishwe joho la saratani.

Je, michezo ya video yenye mapigano huwafanya vijana kuwa wahalifu?

Hapa ndipo wazazi na vijana hugombana zaidi, na kila upande huwa na kipande cha ukweli.

Mwaka 2019 Andrew Przybylski na Netta Weinstein walichapisha utafiti uliowahusisha vijana wa Uingereza wapatao elfu moja, wenye umri wa miaka 14 na 15. Hawakutegemea maneno ya vijana peke yao. Tabia zao zilielezwa na wazazi, na kiwango cha ukatili kilichomo katika kila gemu kilichukuliwa kutoka kwenye madaraja rasmi ya umri. Tena, namna ya kuchambua takwimu iliandikwa na kuwekwa hadharani kabla ya takwimu kuguswa, ili mtu asije akachagua matokeo anayoyapenda. Hawakuona uhusiano kati ya kucheza gemu za mapigano na tabia ya ugomvi. Mwaka uliofuata Chama cha Wanasaikolojia wa Marekani kilirudia msimamo wake kwamba hakuna ushahidi wa kutosha wa kuhusisha gemu na uhalifu wa kutumia nguvu, ingawa kilikubali kwamba kuna uhusiano mdogo na ukali wa kawaida, kama kupiga kelele na kusukumana. Japani na Korea Kusini, ambako watu hutumia fedha nyingi mno kwa michezo hii, zina mauaji machache sana.

Kwa hiyo anayeandika kwamba panya road, au kundi lolote la vijana waporaji, wamezaliwa na PlayStation, anatakiwa aeleze kwa nini mamilioni ya wengine wanaocheza gemu zilezile hawajawahi kumgusa mtu.

Nasema hivyo, na papo hapo nasema kwamba mtoto wa miaka tisa hana sababu ya kucheza Grand Theft Auto kwenye kibanda cha Chang'ombe saa tatu usiku. Gemu hiyo imepewa daraja la miaka 18 barani Ulaya kwa sababu zinazoeleweka kwa yeyote aliyeiangalia dakika kumi. Hilo ni suala la malezi, na malezi hayasubiri mtafiti athibitishe uhalifu ndipo mzazi aseme hapana. Wenye vibanda ninaowaheshimu wana utaratibu rahisi: mchana watoto wanawekewa mpira na mbio za magari, na diski nyingine hukaa kwenye droo hadi wakubwa waje.

Uraibu wa gemu ni ugonjwa kweli, au ni maneno ya wazazi?

Ni ugonjwa unaotambuliwa. Shirika la Afya Duniani liliuingiza katika toleo la 11 la Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, lililopitishwa Mei 2019 na kuanza kutumika Januari 1, 2022. Lakini vigezo vyake ni vizito: mtu ameshindwa kujizuia, gemu imeyatangulia mambo mengine yote ya maisha, na anaendelea hata anapoona madhara, kwa kawaida kwa muda usiopungua miezi 12. Kijana anayecheza siku nzima ya Jumamosi kisha Jumatatu yuko darasani na kazi zake zimekamilika hana ugonjwa huo, hata kama mama yake amechoka kumwita mezani.

Gemu na kubeti vina tofauti gani?

Kisheria ni vitu viwili. Michezo ya kubahatisha iko chini ya sheria ya mwaka 2003 na bodi yake, na walio chini ya miaka 18 hawaruhusiwi kuishiriki. Kwa hiyo mashine za dubwi, zile za kutumbukiza sarafu na kubahatisha, zilizowekwa mahali wanapopita wanafunzi ni jambo la kutolewa taarifa, na wala halihusiani na mpira wa kwenye PS. Mpaka wenyewe umefifia upande wa watengenezaji. Gemu nyingi sasa huuza pakiti za bahati: unalipa fedha halisi bila kujua utapata mchezaji gani. Ubelgiji iliamua mwaka 2018 kwamba hiyo ni kamari, na mwaka uliofuata EA, kampuni iliyotengeneza gemu ya mpira ya FIFA, iliacha kuuza nchini humo pointi za kununulia pakiti hizo. Nakubaliana na Wabelgiji bila kusita. Kinachomvuta mtoto hapo ni kilekile kinachomvuta mtu mzima kwenye dubwi, na anayepinga aeleze tofauti iko wapi zaidi ya rangi za kwenye skrini.

Kwa nini pedi yangu "ina uzito" kwenye kibanda kimoja, na nyepesi kwenye kingine?

Mara nyingi pedi, kile kidude cha kuchezea chenye vitufe, haina kosa; "uzito" ni kuchelewa kuitika. Nimesimama kwenye kibanda kimoja Majengo nikiwaangalia vijana wawili wakibadilishana pedi kila baada ya goli, kila mmoja akidai mwenzake ana ile nzima, wakati runinga yenyewe ndiyo iliyokuwa inachelewesha picha. Runinga bapa za kisasa huchakata kila picha kabla ya kuionyesha: zinaongeza rangi, zinalainisha mwendo, zinasafisha chengachenga. Kazi hiyo huchukua muda, na unaweza kufika sehemu ya kumi ya sekunde au kuzidi. Ukiingia kwenye mipangilio ya picha na kuchagua hali ya gemu, uchakataji mwingi huzimwa na kitufe kinarudi kuitika papo hapo. Runinga zile za kioo kinene cha zamani hazikuwa na tatizo hilo, na ndiyo maana waliokulia kwenye PS2 hukumbuka kwamba gemu zake zilikuwa nyepesi.

Lililo karibu na hilo ni dai kwamba jicho la binadamu haliwezi kuona zaidi ya picha 24 au 30 kwa sekunde. Dai hili si kweli. Picha 24 ni kiwango kilichochaguliwa na watu wa sinema kwa sababu kilitosha kuonyesha mwendo na kuokoa mkanda. Kwenye picha 30 kwa sekunde kila picha hukaa milisekunde 33, kwenye 60 hukaa karibu 17, na mchezaji huihisi tofauti hiyo mkononi hata kabla ya kuiona kwa macho. Waweke watu wawili wajaribu bila kuambiwa ipi ni ipi, kisha hesabu waliopatia. Ni jaribio la robo saa.

Nina bando kubwa na bado pingi iko juu. Mtandao wananiibia?

Ukubwa wa bando hauhusiani na pingi, yaani muda wa ujumbe kwenda kwenye seva (kompyuta inayoendesha gemu) na kurudi. Mwanga ndani ya nyuzi za mkongo husafiri kilomita laki mbili hivi kwa sekunde, maana yake kila kilomita 1,000 za mkongo huongeza takriban milisekunde 10 kwa safari ya kwenda na kurudi. Kama seva ya gemu iko Ulaya na njia ya mkongo ni kilomita 8,000, utalipa milisekunde 80 kabla mtu yeyote hajafanya kosa lolote, na hakuna kifurushi kitakachoziondoa. Njia yenyewe hupita Dar es Salaam, zinakotua nyaya za baharini kama SEACOM na EASSy. Zilipokatika Mei 12, 2024, nchi nzima iliona. Chagua seva ya Afrika Kusini ikiwa gemu inaruhusu. Baada ya hapo, kama pingi inarukaruka usiku na kutulia alfajiri, huo ni msongamano kwenye mnara wako, na hapo una haki ya kulalamika kwa mtoa huduma ukiwa na vipimo vya saa tofauti mkononi.

Gemu niliyonunua mtandaoni ni mali yangu?

Kwa sehemu kubwa umenunua ruhusa ya kuitumia. Kampuni ya Ubisoft ilizima seva za gemu ya The Crew Machi 31, 2024, na waliokuwa wamelipia hawakuweza tena kuicheza hata peke yao. Jimbo la California limewalazimu wauzaji, kuanzia 2025, kumweleza mnunuzi waziwazi kwamba anapata leseni. Naona sheria ya namna hiyo inatufaa na sisi. Diski ya PS2 iliyokwaruzika bado inacheza vibandani bila kuomba idhini ya mtu.

Akili mnemba inajua, au inabahatisha?

Programu kama ChatGPT, iliyotolewa kwa umma Novemba 30, 2022, imefunzwa kutabiri neno linalofuata kutokana na maandishi mengi mno. Kwa kazi nyingi utabiri huo ni mzuri kiasi kwamba unafanana na ujuzi, na yanayoitwa majibu ya kubuni hutoka kwa sauti ileile ya uhakika na majibu sahihi. Ndiyo maana picha ya skrini ya jibu lake si ushahidi katika mabishano. Iulize chanzo, kisha ukitafute chanzo chenyewe. Mara nyingine utakuta kitabu hakipo, au kipo na hakisemi kilichodaiwa. Tatizo hili huzidi kwa Kiswahili na kwa habari za mikoani, kwa sababu maandishi iliyofunzwa nayo kuhusu Bahi au Mpwapwa ni machache kuliko yale ya London.

Kwa wanafunzi wangu kanuni ni moja: itumie utakavyo, halafu njoo ubaoni bila simu na uitetee kila hatua. Anayeweza, amejifunza.

Watu wengi wametoa ushuhuda kwamba kitu kinafanya kazi. Huo si ushahidi?

Ni mwanzo wa ushahidi. Mwaka 2011 maelfu ya watu walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba cha shilingi 500 kwa Mchungaji Ambilikile Mwasapile, na wengi walirudi wakishuhudia kwamba wamepona. Sina shaka kwamba walisema walichokihisi. Kilichohitajika ni vipimo kabla ya kunywa, vipimo baada ya miezi kadhaa, na kundi la wagonjwa wa hali ileile wasiokunywa ili kulinganisha, kwa kuwa kuna magonjwa yanayopungua yenyewe kwa muda, na aliyerudi akiwa mgonjwa kwa kawaida hasimami kushuhudia. Kanuni hiyohiyo inahusu programu ya "kusafisha" simu na kidude cha kupunguza umeme: ushuhuda wa mteja mmoja hauchukui nafasi ya kipimo cha kabla na baada.

Erasto Mpemba, aliyesema maji ya moto huweza kuganda kabla ya yaliyopoa, alikuwa sahihi au la?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu ni ubishi wa kisayansi uliozaliwa nchini kwetu na haujaisha.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Utaratibu ulikuwa kuchemsha maziwa, kuchanganya na sukari, kusubiri yapoe, ndipo kuyaweka kwenye jokofu. Nafasi ilikuwa ikiisha, akaweka ya kwake yakiwa bado ya moto. Baada ya kama saa moja na nusu ya kwake yalikuwa yameganda, na ya mwenzake yaliyowekwa bila kuchemshwa yalikuwa bado uji mzito. Alipomuuliza mwalimu, aliambiwa amechanganyikiwa. Na alipoendelea kuuliza akiwa Shule ya Mkwawa, Iringa, mwalimu wa huko alimwambia kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba na si ya dunia. Baadaye, hukohuko Mkwawa, alimuuliza Dkt. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyekuwa amewatembelea: vyombo viwili vinavyofanana, maji ya ujazo sawa, kimoja nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, kwa nini cha nyuzi 100 kinaganda kwanza? Wanafunzi walicheka. Osborne hakucheka, alirudi Dar es Salaam, akamwomba fundi wa maabara ajaribu, na mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala katika jarida la Physics Education.

Tangu hapo zimependekezwa sababu nyingi: maji ya moto hupotea kwa mvuke na kubaki machache; gesi zilizoyeyuka hutoka; chombo cha moto huyeyusha barafu iliyo chini yake na kugusana vizuri na jokofu; mizunguko ya maji ndani ya chombo hutofautiana. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walipima tena kwa uangalifu na hawakuiona athari hiyo katika maji, wakaonyesha kwamba kusogeza kipimajoto sentimita moja tu juu au chini kunaweza kuleta matokeo yanayodanganya. Mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer, wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser nchini Kanada, waliionyesha wazi, lakini katika mfumo wa chembe moja ndogo sana ya kioo iliyoongozwa kwa leza.

Msimamo wangu ni kwamba yeyote anayesema "imethibitishwa" kwa maji ya jokofu la nyumbani anakwenda mbele ya ushahidi, na anayesema Mpemba alikosea anasahau kwamba Mpemba aliuliza juu ya alichokiona, akarudia, akaonyesha wengine. Mtanzania anayelitetea jina lake kwa matusi anamtendea vibaya. Mpemba mwenyewe alilitetea kwa kurudia jaribio.

Kama wataalamu hukosea, kwa nini tuwaamini?

Wanakosea, na Dodoma ina mfano wake. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango mkubwa wa karanga, na Kongwa ndiyo ilikuwa kitovu chake. Ukaguzi wa awali ulikuwa wa haraka, mvua ilikadiriwa vibaya, udongo wa mfinyanzi uligeuka mgumu kama saruji wakati wa kiangazi na kuzivunja zana, na miti yenye mizizi mirefu iliyashinda matrekta. Kufikia 1951 mpango ulikuwa umekufa.

Wanaotumia habari hii kusema sayansi ni uongo wanaigeuza kichwa chini. Kilichorukwa Kongwa ni sayansi yenyewe: hakukuwa na shamba la majaribio la misimu kadhaa, wala kipimo cha mvua cha kutosha, wala kuwasikiliza Wagogo waliolijua eneo. Mtaalamu anastahili kuaminiwa kwa kadiri ya majaribio aliyoyafanya mahali husika, na ni haki yako kumuuliza ameyafanya wapi.

Mamlaka ya Hali ya Hewa walisema mvua itakuwa juu ya wastani, shambani kwangu haikunyesha. Wametudanganya?

Utabiri wa msimu huhusu eneo pana na ni wa uwezekano. Mvua zetu za kati ya Novemba na Aprili hutoka mara nyingi kwenye mawingu ya radi yanayosimama juu ya Ihumwa na kuiacha Nkuhungu kavu siku hiyohiyo. Utabiri wa namna hii hauhukumiwi kwa shamba moja wala kwa mwaka mmoja. Kusanya misimu yote waliyotabiri juu ya wastani, uone ilitokea mara ngapi.

Kuhusu El Niño, wanaoiita balaa tupu hawajaangalia chini ya ardhi. Maji ya jiji hili hutegemea sana visima vya Mzakwe katika bonde la Makutupora, ambako kina cha maji kimepimwa kwa zaidi ya nusu karne. Uchambuzi uliochapishwa katika jarida la Nature Climate Change mwaka 2013 ulionyesha kwamba bonde hilo halijazwi na mvua ya kawaida ya kila mwaka. Hujazwa na misimu michache ya mvua kubwa mno, na ule wa El Niño ya 1997 na 1998 ulikuwa miongoni mwa mikubwa kabisa. Mafuriko yaliyowaumiza wengine ndiyo yaliyotunywesha sisi miaka iliyofuata. Pande zote mbili za ubishi huu zina ukweli, na mtu anayepanga mji anapaswa kuzibeba zote.

Nimjibu vipi anayesema dunia ni bapa?

Mwalike kupima. Dodoma iko karibu nyuzi 6.2 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka: karibu na Machi 5, saa 6:48 hivi mchana, na karibu na Oktoba 8, saa 6:25 hivi. Simamisha fimbo ya mita moja, uihakikishe kwa timazi kwamba imenyooka, na kivuli chake kitatoweka. Siku hiyohiyo rafiki aliye Arusha, kilomita 311 kaskazini (tukihesabu umbali wa kusini kwenda kaskazini tu), apime kivuli kifupi kabisa cha mchana cha fimbo kama hiyo; atapata sentimita 4.9 hivi. Ukingo wa kivuli huwa na ukungu, basi apime katikati ya ukungu huo na kurudia mara kadhaa.

Mwenye dunia bapa atasema kivuli kinatokana na jua kuwa karibu. Mkubalie kwa muda, ufanye naye hesabu: kwa vipimo vya Arusha, jua litakuwa kilomita 6,360 juu ya Dodoma. Kisha mtafute mtu wa tatu aliye Cairo, kilomita 4,020 kaskazini mwa Dodoma kwa hesabu hiyohiyo; fimbo yake itatoa kivuli cha sentimita 73, na hesabu ileile ya dunia bapa italiweka jua kwenye kilomita 5,490. Jua moja, siku moja, vimo viwili vinavyopishana kwa kilomita 870. Kwenye dunia mviringo vipimo vyote vitatu vinakubaliana: nyuzi 2.8 kwa Arusha na 36.2 kwa Cairo, kila nyuzi moja ikiwa na kilomita 111. Watu watatu, fimbo tatu, na rula zilizonunuliwa dukani zinatosha, na mwenye shaka ndiye ashike rula ya Dodoma.